Mchoro Niliompa Mjomba Wako

Mwanangu Mwamvua,

Sianzi na salamu, maana leo asubuhi tumekunywa chai pamoja na ukanicheka nilipotia sukari mara mbili. Sasa hivi uko Itetemia kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua hatakuachia mpaka ukubali kubeba karanga na asali ambazo huna pa kuziweka. Mimi nimefunga duka mchana kweupe, jambo ambalo majirani wa hapa Ng'ambo, Tabora, wataliulizia kwa wiki nzima, nimekaa kwenye meza yangu ya kutengenezea redio nikuandikie. Habari za kutunza tikiti na kutokula vya watu njiani shangazi atakuambia, na atakuambia mara kumi. Mimi nina jambo moja tu, na limenikaa shingoni.

Jana ulipokuwa unapanga nguo, kitasa cha sanduku nilichokutengenezea kilifyatuka tena. Ukasema, "Baba naye! Hiki si kitasa, hii Kassim tupu." Nikacheka. Nimelicheka neno hilo tangu hujaanza shule. Ugali ukiungua, Kassim. Mshono ukienda upande, Kassim. Hata yule kuku aliyekuwa akiyavunja mayai yake mwenyewe tulimwita Kassim mpaka tulipomchinja. Lakini jana kicheko kilinikatika, kwa sababu nilikumbuka kwamba baada ya siku chache utakuwa Dar es Salaam, unalala nyumbani kwa mwenye jina hilo, unakula chakula chake. Siku moja sufuria litaunguza na neno litakutoka.

Neno hilo nililitunga mimi, Mwamvua. Na nililijenga juu ya uongo.

Wewe umekua ukijua hivi: mjomba wako Kassim, kaka wa mama yako, alipewa kazi ya kuunganisha chombo cha umeme cha kijiji, akajitia ujuzi asio nao, hakuangalia mchoro, kikamlipukia akapoteza jicho. Ndivyo tulivyosimulia, na ndivyo wanavyosimulia mpaka leo kule upande wa Usoke. Jicho ni kweli. Yaliyobaki ndiyo ninayotaka kuyanyoosha, na uyasikie kwangu.

Lazima kwanza ujue nilikuwa mtu wa namna gani. Babu yako alikuwa mpagazi, alikwenda pwani na kurudi kwa miguu na mzigo begani, na mpaka anakufa bega lake la kulia lilikuwa chini kuliko la kushoto. Aliponiona nimepata kazi ya kukaa kwenye kiti alishukuru kama vile nimepata ufalme. Nilijifunza kwa fundi mmoja mkali, naye hakunifundisha kuchomelea waya kwa risasi mpaka nilipojua kuchora. Mwaka mzima penseli na rula. Umeme unaingia kushoto, unatokea kulia. Chanya mstari wa juu, ardhi mstari wa chini. Waya zikipishana usitie nukta, zikiungana tia nukta, na nukta iwe ya duara, si kama kinyesi cha inzi. Nikikosea alichana karatasi yote, hata kama kosa ni moja na kazi ni ya siku mbili.

Nikaja kuwa mchoraji, nisikufiche. Mafundi wa Nzega na Urambo walileta redio zilizowashinda, na mimi kabla ya kushika kitu nilichora kilichomo ndani. Wengine walikuja kutazama karatasi tu. Fundi wangu alikuwa na kauli yake moja: "Usiandike kinachojulikana." Mchoro ukijaa maandishi alisema umechorwa na muoga. Basi mimi nikaipenda kauli hiyo kupita yeye. Nikaanza kuondoa kila nilichoona cha ziada. Alama ya kujumlisha kuonyesha chanya, ya kutoa kuonyesha hasi, za nini? Ardhi ni mstari wa chini, na ardhi ni hasi, nani asiyejua? Michoro yangu ikawa safi, imenyooka, haina hata herufi. Niliipenda mno. Mama yako alikuwa akisema naiangalia kuliko ninavyomwangalia yeye, na hakuwa anatania kama nilivyodhani.

Miaka ile watu walikuwa wanahamia vijiji vya ujamaa. Kijiji kimoja upande wa Usoke, kijiji cha wakulima wa tumbaku, kilikuwa na redio na kipaza sauti ofisini, ili watu wote wasikie taarifa ya habari. Ila betri zilikuwa hazipatikani. Walichokuwa nacho ni jenereta ya mashine ya kusaga. Mwenyekiti wao akaja dukani, mtu mzima mpole, akanisalimu kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka," ingawa alijua mimi ni mtu wa mjini, kisha akasema, "Ndugu Fundi, umeme tunao, ila ni mkali. Tutafutie namna ya kuulainisha."

Kuulainisha ndiyo kazi ya pawasaplai. Transfoma inaupunguza umeme, dayodi nne zinaufanya uende upande mmoja tu, na kapasita inaukusanya na kuutuliza usitikisike. Utavisoma vyote chuoni, tena kwa majina mazuri zaidi. Nilichora mchoro huo kwa siku tatu kwenye karatasi ya miraba. Nikaandaa kila kitu: dayodi nikazifunga mwenyewe juu ya kibao, zikatoka waya mbili, ule wa chanya nikaufunga uzi mwekundu. Kapasita niliitoa kwenye redio kubwa iliyokufa. Ilikuwa kopo la bati, maandishi yake yamefutika, lakini mimi nilijua bati lenyewe ndilo hasi. Kwenye mchoro nikaonyesha: bati liende ardhini. Ilibaki kuunganisha vipande hivyo vitatu tu.

Ningekwenda mwenyewe. Usoke si mbali, treni ipo. Lakini wiki ile mkubwa mmoja wa mjini aliniletea redio yake yenye sahani ya santuri, nami nilitaka nionekane naishughulikia. Kassim alikuwa fundi wa malori, na lori lake lilikuwa linakwenda huko kuchukua tumbaku. Nikamwambia apitishe mzigo na auunganishe. Aliukunjua mchoro hapa hapa juu ya meza hii. Aliutazama kwa heshima, mikono nyuma, asiuchafue kwa grisi.

Akaniuliza, "Shemeji, hii alama ya chini ndiyo ardhi?"

"Ndiyo."

"Ardhi ipi?"

Mwamvua, mwanangu, aliuliza. Hilo ndilo linaloniamsha. Aliuliza kwa sauti yake ile ya chini, na mimi nilikuwa na redio ya mkubwa mbele yangu na wateja wawili mlangoni, nikamjibu, "Ardhi ni ardhi, Kassim. Au unataka nikuandikie na jina la mama yako mzazi?" Wateja wakacheka. Na yeye akacheka. Akaukunja mchoro akautia mfukoni.

Sasa sikiliza. Kassim alijifunzia kazi kwenye malori ya Kiingereza ya zamani. Malori yale betri yake ilifungwa kinyume na unavyoona leo: chanya ndiyo iliyofungwa kwenye bodi, na bodi ndiyo ardhi. Miaka kumi na mitano ya kazi yake, ardhi ilikuwa chanya. Hakuna aliyemwambia vinginevyo, na hakukuwa na sababu ya kumwambia. Kwa hiyo alipofika kijijini alifuata mchoro wangu mstari kwa mstari. Bati la kapasita akalipeleka ardhini, kama nilivyochora. Na kwa kuwa kwake ardhi ni chanya, ule waya wenye uzi mwekundu akaupeleka ardhini pia. Kapasita ya aina ile ukiifunga kinyume inachemka. Jenereta ikawashwa, watu wamekusanyika ofisini kusikia redio, kopo likaanza kulia kama birika. Akainama aone ni nini. Likapasuka.

Nilifika kesho yake kwa treni. Nilipotazama meza ya ofisi nikaona uzi mwekundu ulipo, nikajua kila kitu papo hapo, kabla sijakaa. Mchoro wangu ulikuwa bado pale, umetuliwa na jivu kidogo, safi kabisa, hauna alama hata moja. Kassim alikuwa kwenye benchi kwenye veranda, wamemfunga bendeji macho yote mawili, anasubiri gari la kumleta hospitali. Chumba cha pili wazee walikuwa wanajiandaa kwa kikao. Nilisikia mtu akitaja neno hujuma. Wewe umelisikia neno hilo kwenye redio tu, hujui lilivyokuwa zito. Mtu akiitwa mhujumu hapakuwa na mlango wa kupitia.

Penseli yangu hukaa sikioni, unanijua. Ilikuwa sikioni siku ile. Nilikuwa peke yangu mbele ya meza ile kwa muda mfupi sana. Nikaichukua nikaandika alama ya kujumlisha juu, alama ya kutoa chini karibu na ardhi, na nyingine ndogo karibu na kapasita. Niliziandika vizuri. Mkono haukutetemeka. Mpaka leo mkono huo nauonea haya.

Walipoingia mwenyekiti akaniuliza, "Ndugu Fundi, mchoro huu una kasoro?"

Nikasema, "Mchoro ni sahihi. Alama zote zimo, ukitazama."

Wakapokezana karatasi, kila mmoja akitikisa kichwa, ingawa hakuna hata mmoja aliyejua anachotazama. Kisha sauti ikaja kutoka veranda. Kassim alikuwa amesikia.

"Shemeji, alama zilikuwepo?"

Nikamjibu, "Zilikuwepo, Kassim."

Halafu akasema, "Basi mimi sikuangalia vizuri." Akasema tena, kwa wale wazee, "Nisameheni, wazee wangu. Nilikuwa na haraka."

Hakuwa na haraka. Kassim hakuwahi kuwa na haraka maisha yake yote, hata kula alikula taratibu mpaka mama yako akimsonya. Aliniamini tu. Aliniamini kuliko alivyoyaamini macho yake, na wakati ule macho yenyewe hakuwa nayo. Neno hujuma halikutajwa tena, likawekwa la uzembe mahali pake. Akaondolewa kwenye lori. Jicho la kushoto lilipona, la kulia halikupona.

Sasa nifike kwa mama yako. Niliporudi nilimweleza kama nilivyowaeleza wale. Alilia kwa ajili ya kaka yake, kisha akamkasirikia. Alisema ameniponza, ameniharibia jina kwa watu waliokuwa wakiniheshimu. Nilikaa hapo naye akinitetea. Kassim alipotoka hospitali akaja kutuamkia, mama yako alimwandalia chakula bila kumtazama usoni. Na mimi, ili nipunguze uzito ule mezani, kijiko kilipoanguka nikasema, "Hii sasa Kassim." Mama yako alicheka, mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Kassim alicheka pia. Nikaona limefaa, nikalirudia. Wewe ulikuwa umekaa mapajani kwake Kassim, ukalishika.

Mwezi uliofuata akaenda Dar es Salaam. Tangu hapo hajashika waya. Fundi yule, ambaye injini ilimwitikia akiisogelea, amekuwa mlinzi wa ghala miaka yote hii. Aliniandikia kila Idi. Nilimjibu, na kila barua nilidhani hii ndiyo nitakayosema. Najua kuandika barua nzuri, ndiyo maana ilikuwa rahisi kutosema kitu.

Mama yako alipougua ilikuwa imepita miaka hamtaji kaka yake. Siku zake za mwisho nilikaa pembeni ya kitanda nikijiambia leo. Nikasema atazidiwa, nisimsumbue. Nikasema akipata nafuu. Alipata nafuu siku mbili, unakumbuka, alikaa nje akasuka nywele zako, nami nikaona nisiharibu siku zenyewe. Kisha akaondoka. Amekufa akiamini kaka yake ni mtu wa ovyo na mume wake ni mtu wa haki. Hili ndilo lililonivunja, na ulipokuwa ukinifariji kwa maneno ya watu wazima wakati ulikuwa bado mtoto, nilitaka nikuambie uache.

Kassim alifika siku mbili baada ya mazishi, treni ndivyo ilivyo. Nilimpeleka kaburini. Akachuchumaa, akang'oa majani machache ambayo hayakuhitaji kung'olewa. Akaniuliza bila kuniangalia, "Shemeji, dada alinisamehe?"

Nilikuwa na nafasi ya kuyamaliza yote pale. Nikasema, "Alikusamehe."

Akashukuru. Alinishika mkono wangu kwa mikono yake miwili akanishukuru, Mwamvua.

Ulipochaguliwa chuo alikuwa wa kwanza kuandika. "Mleteni kwangu, ni mtoto wa dada yangu, nafasi ni ndogo lakini ipo." Ulifurahi, na mimi nikasema ndiyo kwa sababu sikuwa na sababu ya kusema hapana ambayo ningeweza kuitaja.

Kwenye michoro yako utakayochora huko utajua mwenyewe la kuandika na la kuacha, walimu wako wanajua kuliko mimi. Ila mtu akikuuliza swali unaloliona la kijinga, mtazame usoni kabla hujamjibu. Sijui kama huo ni ushauri. Ni kitu ninachotamani ningekifanya siku moja, saa ile moja, hapa kwenye meza hii. Na ukishasema uongo mdogo kwa hofu, ujue hofu itaisha haraka sana. Yangu iliisha kabla treni haijanirudisha Tabora. Kilichobaki baadaye hakikuwa hofu tena, ilikuwa ni kupenda kuheshimiwa tu, na kwa hicho sina cha kujitetea.

Mwanzo nilifikiri nikupe barua mbili, moja yako na moja yake, umkabidhi. Niliianza ya kwake leo. Nilipofika mstari wa tatu nikaona ninafanya nini: nampelekea Kassim karatasi kwa mkono wa mtu mwingine, mimi nimekaa dukani. Nikaichana.

Kwa hiyo kesho utakapopanda, nitakupa hii mkononi na kukuomba uisome treni ikishapita Itigi. Utadhani nimebaki. Sikubaki. Nimo behewa la nyuma kabisa, lile la daraja la tatu. Sikutaka kukaa mbele yako wakati unaisoma, kwa sababu ningeanza kujieleza na wewe ungeanza kunionea huruma. Ukitaka kuja nilipo, njoo. Ukiona huwezi, mwanangu, usije, sitakutafuta.

Stesheni ya Dar atakuwa anatusubiri, yaani anakusubiri wewe. Tangulia. Mpe shikamoo yako vizuri, mpe mkono, muache akutazame, maana wanasema umefanana na dada yake. Mimi nitakuja nyuma na nitasema hapo hapo, watu wakipita, kabla sijapata muda wa kutafuta maneno mazuri. Sijui atafanya nini. Ana haki ya kufanya lolote.

Akigeuka akaondoka bila kunisikiliza hadi mwisho, usibaki na mimi. Mfuate yeye.

Baba yako